Miezi mitatu ya kujifunza kubana: kliniki ya mazoezi ya nyonga hapa Moshi

Mtu akitaka kujua barabara ya Moshi kwenda Arusha ina vyoo vingapi, aniulize mimi. Ni kilomita 80 hivi, na kwa miaka sita nilizihesabu kwa vyoo badala ya vituo: sheli ya Boma Ng'ombe, choo cha kulipia Usa River, na ukijaliwa kufika, Tengeru sokoni. Abiria wengine wakipaza sauti "konda, tunaomba kuchimba dawa", kwao ni utani wa safari. Mimi nilikuwa siwezi hata kupaza sauti. Nimekunja miguu, nimeng'ata meno, naangalia kibao cha Maji ya Chai kikipita na kujiuliza ni nani aliyekipa kijiji jina la kunikejeli hivyo.

Nina miaka 49, nimezaa wanne, nauza mitumba pale Memorial, magauni na mashuka. Mkojo ulianza kunivuja baada ya kitinda mimba, aliyetoka na kilo nne na ushee. Miaka ya kwanza lilikuwa tone moja nikipiga chafya, na nani anayehesabu tone. Lakini mitumba ina vumbi. Ukifungua robota jipya chafya haziji moja, zinakuja tatu mfululizo, na wateja wamekuzunguka wanagombania shuka. Baadaye ikawa kicheko. Baadaye kunyanyua. Mwisho ikawa mlango wa nyumbani: nimetoka sokoni salama, nimeshuka kwenye bajaji salama, ufunguo ukigusa tu kitasa kibofu kinasikia kama kimeitwa jina.

Sasa nimemaliza miezi mitatu kwenye kliniki ya mazoezi tiba, upande wa wanawake, na naandika tathmini yangu kama ninavyoandika ya kitu kingine chochote nilichokilipia. Jina la kliniki silitaji. Nina la kuwalaumu mbele huko, na bado nitarudi kwao kuangaliwa. Sitaki yule binti wa mapokezi anisubiri mlangoni. Ukienda hospitali yoyote kubwa ukauliza fiziotherapia ya wanawake, mazoezi ya misuli ya nyonga, wataelewa unachotafuta.

Ila nianze na vitu nilivyonunua kabla ya kliniki, maana navyo vimekula hela yangu na vinastahili kusemwa.

Pedi za kawaida za hedhi. Nilizitumia miaka sita, nne kwa siku. Pakiti ya nane kwa mangi wa mtaani kwetu ni shilingi 2,500, kwa hiyo pakiti moja siku mbili, kwa mwezi 37,500, kwa mwaka 450,000. Mimi ninayebishana na mteja kwa ajili ya mia tano! Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, mwaka 2019 ikairudisha, ikieleza kuwa mnunuzi hakuona nafuu. Hapo serikali haikusema uongo, kwa mangi wangu bei ilibaki pale pale wakati wote. Na ubaya mwingine ni kwamba pedi ya hedhi imetengenezewa damu, inayokuja taratibu. Mkojo unakuja wote mara moja, unakimbia juu ya pedi kama mvua juu ya lami, unatokea pembeni. Nilikuwa nazivaa mbili mbili, natembea kama bata, na bado natota.

Pampasi za watu wazima. Hizi zinakamata kweli. Ndani zina chembechembe ambazo zikilowa zinageuka kama uji mzito, mkojo haurudi nje. Lakini moja ni karibu elfu mbili, zinapiga kelele chini ya kitenge, na Moshi ya Februari mtaijua wenyewe, jua la utosi na upepo hakuna. Nimebakiza mbili kwa ajili ya safari.

Kanga kuukuu iliyokunjwa mara nne. Bure, laini, haichubui. Kazi ni kufua, na harufu. Mwenye mabinti watatu ndani ya nyumba hana pa kuanika kitu kama hicho bila maswali.

Shabu. Hapa naona aibu, lakini mtu anisikilize asije akarudia. Mama mmoja anayepitisha dawa sokoni aliniambia shida yangu ni "kulegea", nitumie shabu kujibana. Nikatumia. Niliungua wiki nzima, nikawa nakojoa kwa kulia, na kuvuja hakukupungua hata tone. Baadaye pale kliniki niliambiwa kwamba shabu inakausha na kuchubua ngozi ya ndani tu, misuli iliyolegea iko mbali huko na shabu haiifikii. Hela yangu nyingine iliyokwenda na maji.

Kilichonisukuma kwenda kupimwa ni sare. Tulikuwa na sendoff ya binti wa kaka yangu huko Kibosho, na kamati ikachagua gauni la rangi ya maziwa. Miaka sita yote mimi nilikuwa mtu wa nyeusi na bluu iliyokoza, hata Pasaka, hata harusi, watu walishaanza kudhani naomboleza. Nikavaa hilo gauni na pedi mbili. Tukaingia na zawadi, tukacheza, MC akatoa utani kuhusu mashemeji na mbege, nikacheka, basi. Sikuhitaji kuangalia nyuma. Wifi yangu, mke wa kaka, nesi mstaafu, ndiye aliyenizungushia kitenge kiunoni akanitoa kana kwamba tunaenda kuangalia machalari jikoni. Tulipofika nyuma ya migomba akaniuliza tangu lini. Nikamwambia ni uzee tu, wifi. Akanijibu, "Wifi, mama yetu amekufa na miaka tisini hajawahi kulowa kitini. Nenda ukapimwe."

Siku ya kwanza kliniki sasa. Mapokezi ni dirisha la kioo lenye tundu dogo, na benchi la wagonjwa liko hatua mbili nyuma yako. Binti akaniuliza kwa sauti ya muuza dagaa, "Mama, shida nini?" Nikainama kwenye tundu nikanong'ona. "Nini? Sijakusikia mama." Benchi zima limetulia linasubiri jibu langu. Nikasema mgongo. Akaandika mgongo. Nikakaa saa nzima kwenye foleni ya migongo, nikaingia, kijana mmoja mstaarabu sana akaanza kunipinda kiuno kushoto na kulia, ndipo nikamwambia, mwanangu, shida yenyewe siyo huko. Hakucheka. Akanipeleka chumba cha pili. Lakini ile saa moja hakuna aliyenirudishia, na najua wapo wanawake ambao baada ya "sijakusikia mama" wanageuka wanarudi nyumbani. Wangeweka karatasi ya kujaza, tatizo limekwisha.

Kabla ya mazoezi daktari alitaka mkojo upimwe, na sukari. Mkojo kwa sababu maambukizi peke yake yanaweza kukufanya ukimbilie chooni kila dakika, na hayo yanatibiwa kwa dawa, hayahitaji mazoezi. Sukari kwa sababu ikipanda unakojoa sana. Vyote vyangu vilikuwa salama. Halafu akaniuliza natumia dawa gani. Nikamtolea vidonge vyangu vya presha kutoka kwenye pochi, enalapril. Akauliza, mama, unakohoa? Mwaka mzima nilikuwa na kikohozi kikavu ambacho nilikuwa nalaumu vumbi la mitumba. Kumbe dawa za jamii hiyo, zile ambazo majina yake yanaishia na "pril", huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, na kila kikohozi ni ngumi juu ya kibofu. Akanibadilishia. Wiki tatu hivi kikohozi kikaisha. Sijui kama mnaelewa nilivyojisikia: mwaka mzima nimevuja kwa ajili ya kidonge. Tafadhali, mtu asiache dawa ya presha kwa kusoma haya. Mrudishie daktari wako swali hilo hilo, yeye ndiye aibadilishe. Kuna na vidonge vya presha vya kukojosha, hivyo navyo vinajulikana, ila mimi sikuwa navyo.

Mtaalamu aliyenishika ni binti mdogo, rika la mwanangu wa pili. "Shikamoo mama." Marahaba mwanangu, na moyoni nasema, huyu mtoto ndiye nitamwambia haya? Lakini ana namna ya kuuliza. Hakuuliza "unajikojolea?" Aliuliza, "Mama, ukipiga chafya unabaki mkavu?" Nikajikuta nimesema yote, hadi ya ufunguo na kitasa.

Akaniambia ninazo mbili kwa pamoja, na wanawake wengi wako hivyo. Ya kwanza ni ile ya kishindo: chafya, kicheko, kunyanyua robota, tumbo linasukuma chini na mlango wa kibofu unashindwa kuhimili. Ya pili ni ya ghafla: kibofu chenyewe kinajikunja kabla hakijajaa, kinakupa amri badala ya taarifa. Dawa ya hii siyo dawa kamili ya ile, ndiyo maana alitaka kujua ipi ni ipi.

Kisha akanieleza misuli ya sakafu ya nyonga, na hapa nampa maksi zote. Aliniuliza kama nimewahi kulalia kitanda cha kamba. Nimekulia Uru, kwa bibi tulilala watoto wanne juu ya kimoja. Akasema, mama, ndani ya nyonga yako kuna kitanda cha kamba. Kimefungwa mbele kwenye mfupa wa kinena, nyuma kwenye kifandugu. Juu yake wamelala kibofu, mfuko wa uzazi na utumbo wa mwisho. Kila mimba imekaa juu yake miezi tisa, kila mtoto amepita katikati yake, kila robota unalonyanyua linakibonyeza, na hedhi ikielekea kukoma kamba nazo zinapoteza nguvu. Kamba zikilegea, kitanda hutupi, unakikaza upya. Nikamwelewa kuliko ambavyo ningeelewa mchoro wowote. Bibi alikuwa anakaza kamba zake kila Desemba kabla wajomba hawajarudi kutoka Dar.

Nikakumbuka na uzazi wangu. Kwa watoto wawili wa kwanza mama mkwe alinikalisha ndani miezi mitatu kwa mila ya Kichagga, mtori asubuhi, mtori jioni, hata ndoo ya maji sikuigusa. Kwa huyu wa mwisho mama mkwe alikuwa ameshatangulia, na wiki ya sita nilikuwa Memorial nasaidia kushusha marobota ya kilo 45. Sisemi ndicho kilichoniharibu. Naweka tu hapa.

Upimaji. Najua ndicho mnachotaka kujua na ndicho kinachotisha. Aliniomba ruhusa, akasema naweza kukataa na bado tukaendelea. Glavu, kidole, unalala chali umefunikwa shuka. Akasema, bana kama vile uko mbele ya wakwe na hewa inataka kukutoka. Nikabana kwa nguvu zangu zote. Akasema, mama, umekunja uso, umebana makalio, umezuia pumzi, na kule chini unasukuma badala ya kuvuta. Miaka sita! Nilikuwa nimesikia redioni habari za kubana, nikawa nafanya hivyo nikiwa dukani, kumbe kila siku nilikuwa nasukuma kibofu nje. Kwa sababu hii peke yake nasema nendeni kwa mtu, msijifundishe kwa kusikia. Alinirekebisha mara nne, tano, hadi nikaipata: unavuta ndani na juu, tundu la nyuma kwanza halafu la mbele, tumbo limetulia, unapumua kama kawaida, mtu aliyekaa mbele yako asijue. Akanipa maksi: mbili kati ya tano. Wana kipimo chao cha sifuri hadi tano, na mimi darasani sijawahi kupata mbili.

Lawama ya pili iko hapo hapo. Chumba hakina mlango, kina pazia, na pazia halifiki mwisho. Upande wa pili mzee mmoja anafanyishwa mazoezi ya goti na anasimulia bei ya kahawa. Huduma ya aina hii inataka mlango na komeo.

Kazi ya nyumbani ya kwanza ilikuwa daftari la siku tatu. Unaandika kila unachokunywa, kila unapokojoa na kiasi gani, kila unapovuja na ulikuwa unafanya nini. Nikanunua jagi la plastiki lenye alama, nikaliweka kwenye mfuko mweusi, nikawa naenda nalo choo cha soko kama mwizi. Siku ya pili nilikojoa mara 14. Mtaalamu akanionyesha mstari kwa mstari: mililita 100, 80, 120, 90. Kibofu cha mtu mzima kinabeba 400 hadi 500 bila matata, na mchana mara saba au nane zinatosha. Mimi nilikuwa naenda "kwa tahadhari": kabla ya kutoka, nikifika, kabla ya kufungua robota, kabla ya kupanda bajaji. Kumbe ukikizoesha kibofu kumwagwa kikiwa robo, kinasahau kujaa. Nilikuwa nakilea kama kitinda mimba, kila kikilia nakimbia.

La maji lilinishangaza zaidi. Nilikuwa nakunywa vikombe viwili tu hadi jioni ili nisivuje. Akasema mkojo mzito unakikera kibofu, na mtu asiyekunywa maji anakosa choo kikubwa, na kusukuma choo kigumu kila asubuhi kunazidi kulegeza kitanda. Kwa hiyo maji yapande, lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, yakikoma saa mbili tatu kabla ya kulala. Kinachoshuka ni chai. Nilikuwa nakunywa vikombe vitano vya chai ya rangi kibandani, na kahawa nikienda nyumbani kwa kaka. Kafeini inakisukuma kibofu. Mtoto wa mlimani, nimekulia katikati ya mibuni, naambiwa kahawa ni adui. Nimebaki na kikombe kimoja cha asubuhi, na chai ya mchaichai mchana. Soda ya kola nayo imeondoka. Hii ndiyo sehemu ya tiba niliyoitii kwa manung'uniko makubwa kuliko zote, na sitajifanya nimeizoea.

Mazoezi yenyewe ni rahisi kuyaeleza, kazi ni kuyakumbuka. Mibano nane, kila mmoja unaushika kadiri unavyoweza, mimi nilianza na sekunde tatu sasa nafika nane, unaachia kabisa, unapumzika muda ule ule. Halafu kumi ya haraka haraka. Mara tatu kwa siku, kila siku, angalau miezi mitatu kabla hujasema haifanyi kazi. Ya asubuhi nilifunga na uji: nikiwa nakoroga, nabana. Ya mchana nikiwa nimekaa juu ya robota na wateja hawapo. Ya usiku kitandani, ambako baba watoto alikuwa akiniuliza mbona umenyamaza ghafla. Mtaalamu akaniambia pia nisiyafanye nikiwa nakojoa. Kukata mkojo katikati ni kujipima mara moja tu kuona kama umeipata misuli sahihi. Ukifanya mazoea unakifundisha kibofu vibaya.

Niliuliza nani aligundua haya. Akasema daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliyeyaandikia mwaka 1948. Yaani kabla mama yangu hajaolewa. Na mimi ndiyo kwanza nasikia mwaka huu.

Kuna na mbinu moja ambayo kwangu imelipa ada yote: bana kabla. Chafya ina sekunde yake ya kujitangaza, pua inawasha, macho yanafumba. Katika sekunde hiyo unabana, halafu chafya inapita imekuta mlango umefungwa. Vivyo hivyo kabla ya kunyanyua: bana, toa pumzi, nyanyua. Na kwa ile hamu ya ghafla: usikimbie. Ukikimbia unakitikisa. Simama, au kaa kama kuna pa kukaa, bana haraka mara tano sita, hesabu kitu, mimi nahesabu madeni, wimbi likipita ndiyo utembee chooni kama mtu mwenye heshima zake. Kila wiki nilitakiwa kuongeza robo saa kati ya safari moja na nyingine. Nilianza na dakika 45. Sasa nafika saa tatu.

Uzito alinigusia mara moja, kwa adabu. Nina kilo 88. Alisema hata nikipunguza kati ya kilo nne na nane kuvuja kunaweza kupungua, maana tumbo ndilo linalokaa juu ya kibofu. Nimepunguza tatu. Tusiongee sana hapo.

Matokeo, kama yalivyo. Wiki mbili za kwanza hakuna kitu, na nilitaka kuacha. Nilimpigia wifi nikamwambia nimeibiwa. Wiki ya tano nilifungua robota, nikapiga chafya ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikasimama nasubiri. Mkavu. Nikacheka peke yangu na hata kicheko hakikuniangusha. Mwezi wa pili pedi zikatoka nne hadi moja. Mwisho wa mwezi wa tatu alinipima tena nikapata nne kati ya tano. Usiku nilikuwa naamka mara tatu, sasa mara moja. Kitasa bado kinanisumbua siku nikiwa nimechoka, na nilipougua mafua nilivuja mara mbili. Kwa hiyo "nimepona" silitumii hilo neno. Niseme nimerudishiwa funguo za nyumba yangu mwenyewe.

Kitu kingine kilichonifanya niwaamini ni kwamba hawamng'ang'anii kila mtu. Siku moja kwenye benchi alikuwepo binti kutoka tambarare, kanga mbili, harufu ambayo sisi tunaovuja tunaijua, amekaa pembeni peke yake. Mkojo wake haukusubiri chafya wala kicheko, ulikuwa unatiririka muda wote, tangu alipojifungua kwa shida siku mbili nyumbani na mtoto akafariki. Hakupewa mibano. Aliambiwa siku hiyo hiyo kwamba hiyo ni fistula, tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi, haizibwi kwa mazoezi, inazibwa na daktari wa upasuaji, na akaandikiwa rufaa. Hospitali ya KCMC hapa Moshi wanaitibu, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imekuwa ikiwatibu wanawake hao bila malipo. Mkimwona binti wa namna hiyo kijijini amefichwa chumba cha nyuma, anaambiwa amerogwa, mtoeni. Na kwangu pia mtaalamu wangu alikuwa wazi: mazoezi yakishindwa baada ya miezi mitatu kuna upasuaji wa kuweka utepe chini ya mrija wa mkojo, kuna dawa za kutuliza kibofu, kuna dawa ya homoni ya kupaka kwa aliyekoma hedhi, kuna pete ya kuvalishwa ndani kwa ambaye kizazi kimeshuka. Hakuniuzia kimoja kama muujiza. Mwenye damu kwenye mkojo au maumivu, alisema, aanze kwa daktari, asianze na mibano.

Lawama ya tatu ni karatasi waliyonipa. Mchoro mzuri, maelezo yote kwa Kiingereza. Ilibidi binti yangu wa kidato cha nne anisomee, na sikuwa nimepanga kumweleza mambo hayo jioni ile. Yeye sasa anabana kuliko mimi, lakini ningependa kuchagua siku.

Gharama: mara ya kwanza 30,000, kisha mara tano za 20,000, jumla 130,000. Bima yangu haikulipa, nimetoa mfukoni. Kwa hesabu yangu ya pedi hiyo ni miezi mitatu na nusu ya pakiti za mangi, na pakiti za mangi hazikunipa hata siku moja ya kuvaa nyeupe.

Nawapa nyota nne. Ya tano wameipoteza kwa kitu ambacho hadi leo siamini: choo cha wagonjwa cha jengo lile kimefungwa kwa kufuli, na funguo anakaa nayo mlinzi wa geti. Kliniki ya watu wasioweza kuzuia mkojo. Geti liko mita mia moja.

Anayekwenda aende Jumanne asubuhi, Alhamisi ni siku ya migongo na benchi linajaa. Vaa sketi pana, beba kanga yako ya kujifunika. Na ukifika getini usimpite mlinzi: msalimie, chukua funguo kabisa, ndiyo uingie.